Hadithi za kuchekesha za anga za juu msiziweke kwenye kona ya watoto

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu jambo ambalo wengine wataliona dogo lakini mimi limenikaa kooni muda mrefu, nalo ni hii tabia ya kuchukulia hadithi za sayansi ya kubuni zenye vichekesho kama vitu vya watoto au vya kupotezea muda tu ukiwa safarini. Ukimwambia mtu mzima unasoma habari za roboti mwenye sonona na ng'ombe anayejadiliana na wateja anakuangalia kama umepungukiwa kidogo, ila ukimwambia unasoma falsafa anakaa vizuri kwenye kiti na kuanza kuchagua maneno. Na kuna kundi la pili, hawa ndo wananichosha zaidi, wanaokubali kwamba humo ndani kuna falsafa lakini wanaitafuta kama hela iliyofichwa chini ya godoro, kila namba wanaipigia hesabu, kila jina wanalisoma kinyumenyume. Mi naona wote wamekosea sehemu ile ile. Hakuna kilichofichwa. Kichekesho chenyewe ndo hoja, na ukishacheka tayari umeshaingia kwenye ubishi bila kujua umeingia saa ngapi.

Chukua ule mfano unaojulikana kuliko yote, namba 42. Douglas Adams, Mwingereza, hadithi yake ya The Hitchhiker's Guide to the Galaxy ilianza kusikika kwenye redio ya BBC Machi 1978 na kitabu kikafuata 1979. Humo kuna viumbe wenye akili nyingi kupita kiasi waliochoka kubishana kuhusu maana ya maisha, wakaona isiwe tabu, wakajenga kompyuta kubwa wakaiomba jibu la swali kuu la maisha, ulimwengu na kila kitu. Kompyuta ikasema sawa, jibu lipo, ila nipeni miaka milioni 7 na nusu nilifikirie. Vizazi vikapita, siku ikafika, umati umejaa nje, waliochaguliwa kupokea jibu wanatetemeka, na kompyuta ikatamka kwa utulivu kabisa: 42. Walipochachamaa ikawaambia kwamba imehakiki vizuri na jibu ndo hilo, tatizo labda ni kwamba nyie wenyewe hamkuwahi kujua swali lenu ni lipi.

Watu wengi hapo wanacheka na kufungua ukurasa unaofuata. Hebu tukae hapo kidogo. Kwa nini 42 inachekesha? Inachekesha manake na sisi tulikuwa tunasubiri! Tumekaa pale na ule umati, tumeshaamini kimoyomoyo kwamba "maana ya maisha ni nini" ni swali la aina moja na "maji yanachemka kwenye nyuzi ngapi", kwamba jibu lipo mahali limejikalia, anayekosekana ni mtu mwenye mashine kubwa ya kutosha kulitoa. Namba ilipotoka ndo tukashtuka, na ukijiuliza vizuri utagundua kwamba hata kompyuta ingetoa neno zuri kama upendo au haki au amani, bado tungebaki tunaangaliana, ndo nini sasa, tufanye nini nalo. Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein kwenye kitabu chake cha 1921 aliandika kwamba jibu lisiloweza kusemwa, hata swali lake haliwezi kusemwa. Hoja ni ile ile, ila kwa Wittgenstein unaipokea kama agizo la mkubwa wakati kwa Adams unanaswa ukiwa na kosa mkononi. Na huyo Wittgenstein, kwa mujibu wa rafiki yake Norman Malcolm, aliwahi kusema kwamba inawezekana kabisa kuandika kitabu makini cha falsafa ambacho ndani yake ni utani mtupu. Yeye hakukiandika, naona roho ilikuwa inamuuma mno kwa kazi hiyo.

Sasa wawinda mafumbo. Kwenye muendelezo wa hadithi linatokea swali ambalo huenda ndo lenyewe, sita mara tisa ni ngapi, na jibu linaandikwa 42, wakati kila mtoto anajua ni 54. Wakatokea watu wakagundua kwamba ukiacha kuhesabu kwa makumi ukahesabu kwa kumi na tatu tatu, sita mara tisa kweli inaandikwa 42, wakashangilia kwelikweli. Adams akawaambia hapana jamani, ni utani tu, alihitaji namba ya kawaida, ndogo ndogo, akachagua hiyo. Hawakumsikia na hadi leo hawajamsikia, wanaendelea kuichambua, yaani wamesoma hadithi ya watu wanaoing'ang'ania namba wakidhani maana iko ndani yake alafu nao wakaing'ang'ania namba ile ile. Mi sijui mwandishi mwingine ambaye wasomaji wake walijiunga na wahusika kwa hiari yao kiasi hicho.

(Kuna pia wale wanafalsafa wawili wanaokuja kuipigia kelele ile kompyuta kwamba inawanyang'anya kazi, wanadai kwa sauti kubwa mipaka iliyowekwa bayana ya mashaka na kutokuwa na uhakika, na wanatishia kugoma. Kompyuta inawauliza, huo mgomo wenu utamsumbua nani? Naiacha hapo manake nina marafiki wanafundisha falsafa.)

Halafu kuna ng'ombe. Kitabu cha pili, cha 1980, wasafiri wetu wako kwenye mgahawa uliojengwa mwisho wa ulimwengu, mwisho wa wakati hasa, na mnyama mkubwa wa jamii ya ng'ombe anakuja mezani kwa miguu yake mwenyewe, anajitambulisha kwamba yeye ndo chakula cha leo, anawauliza wangependa wakate wapi, bega labda, amekuwa akijilisha vizuri kwa ajili yao. Arthur, mtu wa duniani, anapigwa na butwaa, anasema hajawahi kusikia ukatili kama huu. Wenzake wanamuuliza kitu kimoja tu, kwa hiyo bora kula mnyama asiyetaka kuliwa? Arthur anababaika, anaomba saladi, na mnyama anamwambia kwamba anazijua mboga nyingi sana zenye msimamo mkali kuhusu hilo, na ndo maana watu wakaamua kukata mzizi wa fitina kwa kuzalisha mnyama anayetaka kuliwa na anayeweza kulisema hilo kwa ufasaha. Kisha anaaga aende akajipige risasi, na anamtoa Arthur wasiwasi kwamba atajifanyia kwa huruma.

Mwanafalsafa Peter Singer alitoa kitabu chake cha kuwatetea wanyama 1975 na msingi wake ni maumivu, kwamba kiumbe kikiweza kuumia basi maumivu yake yahesabiwe kama ya mwingine yeyote. Nakubaliana naye kwa mengi. Lakini mnyama wa Adams hateswi, ana furaha, ameridhia, ameulizwa na amejibu, na bado moyo unakataa. Kwa hiyo kuna kitu nje ya maumivu, na hadithi inakulazimisha ukitafute huku bado unacheka. Mi nadhani kitu chenyewe ni hiki: mnyama yule hakuanza na matakwa yake alafu akaamua, matakwa alipandikizwa na wale wale wanaonufaika nayo, alafu wakamuuliza wakijua atajibu nini. Ridhaa ya namna hiyo ni ridhaa kweli? Ukishalikubali swali hilo kwa ng'ombe haliishii kwa ng'ombe, linakwenda kwa kila mtu aliyelelewa tangu utotoni atamani hasa kile kinachomfaa mwingine, na ukimuuliza leo atakwambia kwa dhati kabisa ndivyo anavyotaka mwenyewe. Kwenye hadithi hiyo hiyo kuna milango ya chombo cha anga iliyotengenezwa ifurahie kufunguka na ijisikie imetimiza wajibu ikifungwa, na tukiisoma tunaona ujinga mtamu, ila siku hizi tunatengeneza programu zinazokwambia kwa uchangamfu kwamba zimefurahi kukuhudumia na hatuoni cha kucheka. Na Marvin, yule roboti mwenye sonona, ambaye ana ubongo mkubwa kama sayari na anatumwa kuwasindikiza wageni, yeye ni upande wa pili wa mlango, yaani huyu alipewa akili bila kupewa furaha ya kutumika.

Kuhusu kusudi la maisha mi namweka mwandishi Kurt Vonnegut mbele ya wote. Huyu alikuwa askari wa Marekani, alitekwa na Wajerumani, na Februari 1945 alikuwa mfungwa Dresden mji ulipopigwa mabomu, akapona manake walikuwa wamefungiwa chini ya ardhi kwenye machinjio, baadaye akashirikishwa kazi ya kutoa maiti kwenye vifusi. Mtu kama huyo akiuliza binadamu yupo duniani kwa ajili ya nini haulizi ili apate alama darasani. Kwenye The Sirens of Titan, ya 1959, analeta jibu. Kuna mjumbe, mashine, ametoka sayari ya mbali amebeba ujumbe wa kupeleka ng'ambo ya ulimwengu, chombo chake kimeharibika akakwama kwenye Titan, mwezi wa Zohali, anahitaji spea. Watu wa kwao wakaanza kuisukuma historia ya binadamu kutokea mbali ili siku moja binadamu wamfikishie hiyo spea, na majengo makubwa tunayoyashangaa duniani, kama yale mawe ya Stonehenge kule Uingereza, kumbe ni salamu za kumwambia vuta subira, spea inakuja. Spea yenyewe ni kipande kidogo cha chuma ambacho mtoto mmoja anakibeba kama hirizi ya bahati. Na ule ujumbe mzito uliosababisha yote haya ni nukta moja tu, ambayo kwa lugha ya kwao ina maana ya hujambo.

Unacheka alafu kicheko kinakwama. Manake sisi tukilalamika kwamba maisha hayana kusudi huwa tunadhani tungepewa moja tungepona, hatujiulizi ni kusudi gani na la nani. Vonnegut anakupa, tena kubwa, lenye historia nzima ndani yake, na ni la kudhalilisha. Kwa hiyo kuwa na kusudi kutoka nje hakutoshi, inabidi uweze kulikubali kama lako, na kama uamuzi wa mwisho ni wako basi huko nje ulikuwa unatafuta nini?

Sasa angalieni kitu cha ajabu. Miaka 12 baadaye, 1971, mwanafalsafa wa Marekani Thomas Nagel anaandika makala kuhusu upuuzi wa maisha, makala ya kisomi kabisa, inasomwa vyuoni hadi leo, na anapotaka kuonyesha kwamba kusudi la nje halitoshi anasema tuseme tumegundua tunafugwa na viumbe wengine wanaopenda nyama ya binadamu, na kizazi chetu kizima kiliendelezwa na wafugaji kwa kazi hiyo tu, je hilo lingeyapa maisha yetu maana? Hiyo si hadithi ya kuchekesha ya sayansi ya kubuni? Tofauti ni kwamba iko kwenye jarida. Mwaka huo huo Judith Jarvis Thomson, kwenye makala yake maarufu kuhusu utoaji mimba, anakwambia fikiria mbegu za watu zinapeperuka hewani kama chavua, zinaingia dirishani na kuota kwenye zulia lako, umeweka wavu mzuri dirishani lakini moja imepenya, una wajibu gani kwa mtu anayeota kwenye zulia? Robert Nozick 1974 akaja na mashine ya kukupa maisha matamu ya uongo, Hilary Putnam 1981 akaja na ubongo ulioloweshwa kwenye pipa. Kumbe wanafalsafa wanapokwama wanakimbilia duka lile lile tunaloambiwa ni la watoto, wanachukua bidhaa, wanavua kicheko, wanaweka tai. Na mi nasema kile kicheko walichovua kilikuwa na kazi. Ukisoma mfano wa Nagel unaukubali au unaukataa kwa kichwa ukiwa umekaa mbali, ukimsoma Vonnegut umeshaishi na wale watu, umeshawapenda, alafu unaambiwa ni wabeba spea.

Siyo kwamba wachekeshaji wako sahihi kila mara. Adams ana mashine nyingine inayomwonyesha mtu ulimwengu wote kwa mpigo pamoja na kialama kidogo kisichoonekana kinachosema upo hapa, na anayeingia ubongo unaharibika papo hapo, hoja yake ikiwa kwamba kiumbe akitaka kuishi asijue udogo wake halisi. Hapo nampa ushindi Nagel, kwa sababu kwenye makala ile ile anauliza, kama maisha ni upuuzi kwa vile sisi ni wadogo, yangekuwa afadhali vipi tungekuwa wakubwa wa kuujaza ulimwengu wote? Ukubwa hauna uhusiano, huzuni yako haigawanywi kwa idadi ya nyota. Ingawa Adams anajua kujitetea: mtu mmoja anatoka kwenye mashine akiwa mzima, kichwa juu, kwa sababu bila yeye kujua alikuwa ndani ya ulimwengu wa bandia uliotengenezwa kwa ajili yake peke yake, na humo kweli yeye ndo kitu muhimu kuliko vyote. Wengi wetu tunaishi humo humo.

Stanisław Lem wa Poland simpiti kimya. Kwenye The Cyberiad, ya 1965, fundi Trurl, ambaye naye ni roboti, anakutana na mfalme dhalimu aliyefukuzwa kwao, analilia kutawala, na Trurl kwa huruma, na kwa majivuno, anamtengenezea kijisanduku chenye ufalme mdogo kamili, miji, majeshi, wasaliti, raia wa kupigwa na kunyongwa. Anarudi nyumbani anajisifu kwa mwenzake Klapaucius. Mwenzake anapauka. Trurl anasema tulia, ni mashine tu, humo hakuna anayeumia, wanaiga kuumia. Klapaucius anamuuliza, kama wameigizwa kikamilifu, wanalia, wanakimbia, wanaomba msamaha, utanionyesha wapi mwigo unapoishia na maumivu yanapoanzia, na mimi nitajuaje kwamba wewe huigi? Mwanafalsafa John Searle alikuja na hoja yake maarufu ya chumba cha Kichina 1980 kusema kwamba kuiga kuelewa siyo kuelewa, na tangu hapo vitabu vimeandikwa hadi basi, lakini kwangu mimi Klapaucius alishaliweka swali mezani miaka 15 kabla, na aliliweka pale linapouma, yaani pembeni ya mtu anayejipongeza. Wanapokimbilia kule kurekebisha mambo wanakuta raia wameshatoka kwenye sanduku na wanaitawala sayari wenyewe. Kumbukeni pia Lem aliandika chini ya serikali ya kikomunisti yenye wakaguzi wa maandishi, na wafalme dhalimu wakivaa mabati ya roboti wanapita. Na Will Wright, aliyetengeneza SimCity ya 1989, gemu ya kujenga na kuendesha mji, amesema hadithi hiyo ilikuwa moja ya vitu vilivyompa wazo, kwa hiyo mamilioni ya watu wamecheza Trurl wakafurahi bila kumsikia Klapaucius.

Najua kuna takataka nyingi pia. Hadithi kibao ni utani wa baa uliopelekwa Mirihi, viumbe wana macho matatu na hawana wazo hata moja. Na hata mabingwa wana upofu wao, kwa Adams mwanamke wa maana kwenye chombo ni mmoja, Trillian, msomi wa hisabati na fizikia ya nyota, na kazi aliyopewa kwenye vitabu vya mwanzo ni ndogo mno kwa akili hiyo. Hilo limewahi kuniudhi kuliko kosa lolote la kisayansi humo.

Kwa hiyo ombi langu, Mhariri, ni dogo. Kwenye kurasa zenu za vitabu hizi hadithi wapeni wahakiki wanaojua kubishana nazo, siyo wa kuandika tu kwamba kitabu kinaburudisha. Na mkipata nafasi ya hadithi ya mfululizo, anzeni na Micromégas ya Voltaire, Mfaransa, ya 1752, fupi kabisa. Jitu kutoka nyota ya Sirius na mwenzake wa Zohali wanafika duniani, wanaokota meli iliyojaa wanasayansi, wanashangaa vijidudu hivi vinapima umbali wa nyota kwa usahihi, alafu wanaviuliza roho ni nini na vyote vinajibu kwa pamoja kila kimoja na lake, mmoja ananukuu Kigiriki asichokielewa kwa sababu eti kitu usichokielewa unakinukuu kwa lugha usiyoielewa kuliko zote. Mwingine anasema jua na nyota zote ziliumbwa kwa ajili ya binadamu, majitu yanacheka hadi meli inadondokea mfukoni. Mwisho lile jitu kubwa linawaachia kitabu kinachoeleza mwisho wa mambo yote, kinapelekwa Paris kwenye chuo cha wanasayansi, katibu mzee anakifungua, kurasa zote nyeupe, anasema ndivyo alivyohisi. Voltaire amefariki 1778, hamna wa kumlipa haki za uandishi, mtahitaji mtafsiri tu, na akiwa mcheshi kidogo itasaidia.

Wenu msomaji wa siku zote